Breki ya dramu inapochemka: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

WAFANYABIASHARA wanaotumia magari ya zamani kutoa mazao vijijini na kuyafikisha kwenye magulio ya mpakani wanaijua harufu moja wasiyoipenda. Ni harufu ya kitu kinachoungua chini ya gari, na ukisogeza mkono karibu na gurudumu moja unahisi joto kabla hujaligusa. Kinachofuata ni gharama. Gari linasimama, fundi anaitwa, spea zinanunuliwa moja baada ya nyingine, na siku mbili baadaye gurudumu lile lile linachemka tena.

Makala haya yanaeleza namna ya kutafuta chanzo cha joto hilo kwenye breki za dramu, yaani breki zinazofanya kazi kwa breki shuu kutanuka na kusugua ndani ya dramu ya chuma. Hoja yetu ni kwamba dramu ya moto ni dalili tu. Chanzo chake kinaweza kuwa mita mbili mbali, chini ya pedali ya dereva. Spana moja, jeki na nusu saa vinatosha kumwonyesha mwenye gari ni upande gani pesa yake iende.

Tumechukua mfano wa Land Rover za Series II, IIA na III, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1958 na 1985. Hizi zina dramu kwenye magurudumu yote manne, tofauti na magari mengi ya sasa ambayo walau ya mbele ni diski. Aidha, bado zipo barabarani pande zote mbili za mpaka wa Namanga, na mapenzi ya watu kwa magari haya si ya kubahatisha: Oktoba 2024 mji wa Arusha uliandaa tamasha la Land Rover lililovuta mamia ya magari. Sheria za uingizaji nazo zinachangia kuyatunza yaliyopo. Kenya kwa kawaida hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane kuingia nchini, na Uganda kwa sheria ya mwaka 2018 ilizuia yenye miaka 15 na kuendelea. Gari la zamani lililo kazini halipatikani tena kirahisi, kwa hiyo lazima litunzwe.

Joto linatoka wapi

Breki haiufuti mwendo wa gari, inaugeuza kuwa joto. Hesabu yake ni rahisi. Gari na mzigo wake likiwa na tani 2 na nusu, likishuka mlima wenye kimo cha mita 500 kwa kukanyaga breki tu, breki zake zinapokea joto la megajuli 12 hivi. Joto hilo linatosha kuchemsha karibu ndoo mbili za lita 20 za maji ya baridi. Lote linapita kwenye dramu nne. Ndiyo maana dereva mzoefu akianza kuteremka Kitonga, au ule mteremko wa Mai Mahiu kwa upande wa Kenya, anaingiza gia ndogo mapema na kuiachia injini ibebe sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: joto hili ni la kazi au ni la breki iliyoshika? Joto la kazi huja baada ya mteremko au baada ya kusimama mara nyingi mjini, na huonekana kwenye magurudumu yote, ya mbele yakizidi kidogo kwa sababu uzito wa gari husogea mbele wakati wa kufunga breki. Magurudumu ya kushoto na kulia ya ekseli moja hulingana. Joto la breki iliyoshika huja hata kwenye tambarare, hata kama dereva hakukanyaga pedali kwa kilomita kumi, na mara nyingi huchagua upande.

Dramu zenyewe zina kikomo cha kubeba joto. Dramu ya chuma cha kusubu yenye uzito wa kilo 8 ikipokea megajuli moja bila nafasi ya kupoa, joto lake hupanda kwa takriban nyuzi 270 za Selsiasi. Ikichongwa gereji mara kadhaa hadi ikabaki kilo 7, joto lile lile litaipandisha zaidi ya nyuzi 300. Dramu iliyochongwa kupita kipimo chake huchemka haraka hata kama kila kitu kingine ni kizima, jambo ambalo muuzaji wa dramu za mtumba hatakuambia.

Pima kabla hujafungua

Simamisha gari mahali tambarare baada ya kuliendesha kilomita kumi au kumi na tano, ukipunguza mwendo kwa injini zaidi kuliko breki. Kisha pima dramu zote nne papo hapo. Kile kipimajoto kidogo cha kuelekeza kama bastola ni kifaa ambacho kila mwenye gari mbili au tatu za biashara anapaswa kuwa nacho. Asiye nacho adondoshe matone ya maji kwa kidole: yakichemka na kuruka, dramu imepita nyuzi 100. Usiweke kiganja juu ya dramu. Na usikubali gari lipoe kwanza kwa sababu fundi yuko njiani, kwani hitilafu nyingi za breki hutoweka gari likipoa, na fundi atakukuta na gari zima lisilo na kasoro.

Matokeo ya kipimo hicho yanagawanya tatizo. Kama magurudumu yote manne yamechemka kwa kulingana, acha kufungua magurudumu. Chanzo kiko mahali ambapo yote yanakutana, yaani masta silinda, fito ya pedali, kifaa cha kusaidia breki kama gari linacho, au mguu wa dereva. Kama ni magurudumu yote mawili ya nyuma, angalia mpira wa breki unaoteremka kwenye ekseli ya nyuma, kwa sababu Land Rover hizi zina mpira mmoja tu unaohudumia nyuma yote, wakati mbele kila gurudumu lina wake. Kama ni gurudumu moja tu, tatizo liko pale au kwenye mpira wake.

Kuna joto jingine linalowadanganya wengi. Hendibreki ya Land Rover za aina hii haikai kwenye magurudumu kabisa. Iko kwenye dramu yake peke yake nyuma ya gia boksi ndogo, mahali shafti ya nyuma inapoanzia. Dereva akisahau kuishusha yote, au waya na vyuma vyake vikishika kutu, harufu ya kuungua itatoka katikati ya gari na magurudumu yote yatakuwa ya kawaida. Tumesikia habari za magari yaliyofunguliwa magurudumu manne kwa kosa la hendibreki. Piga kipimo na hapo pia.

Tofautisha vilevile joto la dramu na joto la habu. Kama kitovu cha gurudumu ndicho chenye moto zaidi kuliko ukingo wa dramu, shuku beringi. Inua gurudumu, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza au likikoroma linapozunguka, breki haina hatia.

Jaribio la nipo

Hapa ndipo penye faida ya makala haya, na msomaji asiye na muda anaweza kuanzia hapa.

Breki iliyoshika ina sababu za aina mbili tu. Ama mafuta ya breki yamenaswa na bado yanasukuma breki shuu ingawa dereva ametoa mguu, ama mafuta yamerudi lakini kuna chuma kinachozuia breki shuu zisirudi. Kila sababu nyingine ni tawi la mojawapo ya hizi. Nipo, ile bolti ndogo yenye tundu nyuma ya gurudumu inayotumika kutolea upepo, inatenganisha aina hizo mbili kwa sekunde moja.

Gari likiwa bado limechemka na limeshika, weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Jambo hili si la hiari. Kwa kuwa hendibreki ya Land Rover hukamata shafti, ukiinua gurudumu moja la nyuma difu inaliacha lile la hewani lizunguke, na gari zima linaweza kuteleza kutoka kwenye jeki hata kama hendibreki imevutwa. Inua gurudumu lenye moto, weka stendi, gia iwe huru na hendibreki iachiwe, kisha lizungushe kwa mkono ujue ni gumu kiasi gani. Sasa funika nipo kwa kitambaa, weka uso pembeni kwa sababu mafuta hayo ni ya moto, na uilegeze robo mzunguko.

Gurudumu likilegea papo hapo na mafuta yakaruka, shinikizo lilikuwa limenaswa. Usinunue breki shuu, usinunue springi. Gurudumu likibaki gumu vilevile, mafuta hayahusiki. Chanzo kiko ndani ya dramu na ni lazima ifunguliwe.

Likilegea, kazi inayobaki ni kujua shinikizo limenaswa wapi. Funga nipo, kanyaga pedali mara mbili tatu, achia, na hakikisha gurudumu limeshika tena. Safari hii legeza kiungo cha bomba la chuma pale linapoingia kwenye mpira wa breki, upande wa juu. Kama hapo gurudumu halilegei, lakini kwenye nipo linalegea, kizuizi ni mpira uliopo kati ya sehemu hizo mbili. Kama linalegea, panda juu zaidi ulegeze bomba linapotoka kwenye masta silinda. Likilegea hapo, masta silinda ndiyo inayozuia mafuta yasirudi. Lisipolegea, kagua bomba la chuma lililoko kati; huenda liligongwa na jiwe likabonyea. Baada ya majaribio haya yote breki lazima zitolewe upepo upya kabla gari halijasogea, hata mita kumi.

Mpira wa breki unastahili maelezo kidogo kwa sababu unaonekana mzima machoni. Nje hauna ufa, haujavimba, hauvuji. Ndani, mpira wa miaka mingi huvimba na njia ikabaki nyembamba, wakati mwingine kipande kimebanduka na kugeuka kama kilango cha kufungukia upande mmoja. Mguu wa dereva una nguvu nyingi, unayapitisha mafuta. Kurudi kunategemea springi ndogo za breki shuu, ambazo hazina nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite pale penye kizuizi. Matokeo yake breki inakamata vizuri na haiachii, au inaachia baada ya dakika nzima. Mpira mmoja ni spea ya bei ndogo kuliko breki shuu za ekseli moja, na bado watu huanza na breki shuu.

Masta silinda na mafuta yasiyo yake

Gari lililochemka magurudumu yote linatupeleka kwenye pedali. Ndani ya masta silinda kuna katundu kadogo, au vali kwa baadhi ya aina, kanakoruhusu mafuta yarudi kwenye kikopo chake pedali inapoachiwa. Ili katundu hako kawe wazi, pistoni lazima irudi nyuma kabisa, na ili irudi kabisa, fito ya pedali lazima iwe na nafasi ndogo ya kucheza kabla ya kuigusa. Nafasi hiyo ikikosekana, katundu kamezibwa muda wote.

Dalili yake ni ya pekee. Asubuhi gari linatembea vizuri. Baada ya kilomita kadhaa linaanza kuwa zito, pedali inakuwa juu na ngumu, gari likiachiwa kwenye tambarare halitelezi. Dereva akisimama kunywa chai kwa saa moja, likaanza tena, ni jipya. Kinachotokea ni kwamba mafuta yakipata joto hutanuka. Yasipopata njia ya kurudi kwenye kikopo yanasukuma breki shuu, breki shuu zinaongeza joto, joto linaongeza kutanuka. Mwisho magurudumu yote yanafunga.

Nafasi hiyo hupotea mara nyingi kwa mkono wa binadamu. Pedali ilikuwa inashuka sana, fundi badala ya kurekebisha breki shuu akairefusha fito ili pedali ipande. Kwa siku moja inaonekana amefanikiwa. Ibonyeze pedali kwa kidole cha mkono: lazima isogee kidogo bila upinzani kabla ya kukutana na pistoni. Isiposogea, rekebisha fito kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Kagua pia springi ya kurudisha pedali na zulia lililokunjamana chini yake. Na kuna madereva wanaopumzisha mguu juu ya pedali njia nzima. Kwao hakuna spea.

Sababu ya pili ya magurudumu yote kushika ni mafuta yasiyo yake. Mafuta ya breki ya kawaida, yaani DOT 3 na DOT 4, si mafuta ya petroli na hayahusiani na oili ya injini. Raba za breki zimetengenezwa kwa ajili yake. Akitokea mtu amemiminia oili ya injini, mafuta ya gia au dizeli kwenye kikopo kwa sababu yuko porini na kiwango kimeshuka, raba zote huvimba, kuanzia masta silinda hadi silinda za magurudumu. Katundu ka kurudishia mafuta kanazibwa na raba iliyovimba, na pistoni zinakwama. Angalia raba iliyo chini ya kifuniko cha kikopo. Ikiwa imetanuka na kujikunja hadi hairudi mahali pake, hiyo ni ishara kubwa. Kisha chukua mafuta kidogo kutoka kwenye kikopo uyatie kwenye glasi ya maji. Mafuta halali ya breki huchanganyika na maji. Yakielea juu kama mafuta ya kupikia, yameharibiwa. Hapo hakuna njia ya mkato: mfumo wote usafishwe na kila raba ibadilishwe, mipira ya breki ikiwamo. Ni gharama kubwa kwa kosa la kikombe kimoja cha oili, na ndiyo sababu chupa ya mafuta ya breki yenye kizibo ambacho hakijafunguliwa inapaswa kukaa garini kama inavyokaa tairi ya akiba.

Wapo pia wanaotia maji ya sabuni. Hayavimbishi raba kama oili, lakini yanachemka kwa nyuzi 100 na kuleta kutu. Mafuta mapya ya DOT 3 hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, na ya DOT 4 chini ya 230. Yakishanyonya unyevu wa hewa, viwango hivyo vya chini hushuka hadi 140 na 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huenda hadi sakafuni. Mwenye gari wa Tanga au Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi, hana sababu ya kuweka chupa iliyofunguliwa mwaka mzima kwenye rafu.

Ndani ya dramu

Kama jaribio la nipo limesema mafuta hayahusiki, fungua dramu. Orodha ya wahalifu hapa si ndefu. Pistoni ya silinda ya gurudumu iliyoshika kutu ni ya kwanza, hasa kwa gari lililoegeshwa msimu mzima wa mvua. Kwenye 109 kila gurudumu la mbele lina silinda mbili, kwa hiyo moja inaweza kuwa nzima na nyingine imekwama. Springi dhaifu au iliyofungwa kwenye tundu lisilo lake ni ya pili. Ya tatu ni bamba la breki kuliwa na kufanya vijongoo pale breki shuu inapotelezea, breki shuu inaingia kwenye kijongoo na haitoki. Ukikuta breki shuu zimelowa, nusa. Mafuta mazito yenye harufu ya gia yametoka kwenye ekseli kupitia sili ya habu, na sili ndiyo ya kubadilishwa kwanza. Breki shuu mpya juu ya sili inayovuja hazitadumu.

Vumbi lililomo ndani ya dramu lisipulizwe kwa kompresa. Breki shuu za magari ya umri huu zilitengenezwa kwa asbesto, na nyingine za zamani bado zimo kwenye magari au kwenye maboksi ya spea. Vumbi lake likivutwa huleta magonjwa ya mapafu, ikiwamo saratani, yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Kompresa ni ya haraka, tunajua, na kwenye gereji nyingi kijana wa kazi ndiye anayesimama kwenye wingu hilo.

Kukaza breki ikiwa ya moto

Kosa moja linastahili kutengwa kwa sababu hufanyika barabarani, na hufanywa na dereva mwenyewe kwa nia njema.

Chuma kikipata joto hutanuka. Dramu ya Land Rover 109 ina kipenyo cha inchi 11, yaani milimita 279. Ikipanda kwa nyuzi 300, kipenyo hicho huongezeka kwa karibu milimita 0.9. Dramu inazikimbia breki shuu, na dereva anaona pedali inashuka chini zaidi ya kawaida. Anasimama pembeni, anachukua spana, anazungusha nati ya kurekebishia nyuma ya bamba mpaka pedali inapanda. Anaondoka ameridhika.

Usiku dramu inapoa na kurudi kwenye kipenyo chake. Breki shuu hazina pa kwenda. Asubuhi gari linaondoka likiwa limeshika, na kwa kuwa linapasha joto dramu, dramu inatanuka tena na gari linalegea kidogo, halafu dereva akipunguza mwendo linashika tena. Fundi atakayeitwa atakuta breki shuu zimeungua na atazibadilisha. Kisha atazirekebisha vizuri dramu ikiwa baridi, gari litapona, na wote wataamini breki shuu ndizo zilikuwa mbovu.

Dramu hurekebishwa ikiwa baridi tu. Gurudumu liinuliwe, nati izungushwe mpaka breki shuu iguse na gurudumu likwame, kisha irudishwe mpaka gurudumu lizunguke bila kusugua. Pedali ikanyagwe kwa nguvu ili breki shuu zikae mahali pake, na kazi irudiwe. Pedali ikishuka ukiwa mlimani, simama, weka vizuizi, subiri. Wala usimwagie dramu maji ili kuharakisha. Chuma cha kusubu chenye moto mkali kikipigwa na maji ya baridi hupasuka, na ufa wa dramu wakati mwingine hauonekani mpaka siku ya mteremko mwingine.

Hesabu ya mfukoni

Wenye magari huiona breki iliyoshika kidogo kama jambo la kuvumilia mpaka msimu uishe. Tuitazame kwa pesa. Breki inayolizuia gari kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 20 tu, kiasi ambacho dereva hakihisi kwenye usukani, inakula nishati ya megajuli 20 kwa kila kilomita 100. Injini ya petroli hutumia takriban robo ya nishati ya mafuta kusukuma gari, nyingine hupotea kama joto. Kwa hiyo kilomita 100 hizo zinameza lita 2 na nusu hivi za ziada. Kutoka Arusha hadi Nairobi ni zaidi ya lita 6, kwenda tu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, dramu hiyo moja inapokea joto sawa na la birika mbili za umeme zilizowashwa bila kuzimwa. Ongeza tairi, beringi na grisi inayoyeyuka ndani ya habu.

Gharama kubwa zaidi haiandikwi kwenye risiti yoyote. Nyanya zikilala njiani siku mbili hazina bei ile ile. Mteja aliyekusubiri mpakani atanunua kwa mwingine. Kwa maoni yetu, fundi anayetaka kubadilisha spea kabla ya kulegeza nipo anamfanyia majaribio mwenye gari kwa pesa ya mwenye gari. Si utovu wa adabu kumwomba akuonyeshe jaribio hilo kabla hujatoa pesa ya spea, na fundi mzuri hatachukia.

Kwa wenye malori

Malori makubwa ya njia za Tunduma, Rusumo na Malaba nayo hutumia dramu, lakini breki zake ni za upepo na jaribio la nipo haliwahusu. Namna ya kugawanya tatizo ni ile ile: gurudumu moja, ekseli moja, au yote. Tofauti kubwa ni kwamba breki ya kuegesha ya lori hufungwa na springi yenye nguvu na huachiwa na upepo. Upepo ukivuja, springi hiyo huanza kukamata lori likiwa linatembea, na dramu za nyuma huchemka ingawa hakuna aliyekanyaga kitu. Msikilizaji wa kwanza wa tatizo hilo ni sikio, kwa mlio wa upepo lori likiwa limezimwa. Chemba yenye springi hiyo isifunguliwe na mtu asiyeijua, imeua mafundi.

Kwa gari dogo, matengenezo yakiisha, rudia safari ile ile ya kilomita kumi au kumi na tano na upime dramu zote kwa mpangilio ule ule. Andika namba nne kwenye daftari la gari pamoja na tarehe. Kushoto na kulia zikikaribiana, mpe fundi pesa yake iliyobaki. Zikipishana sana, gari lirudi kwenye jeki kabla halijapakiwa mzigo.